Chuma cha Pua Bila Kolwezi

Fundi wa jua kali Kitale au Bungoma akitaka kufua panga nzuri, hatafuti chuma kipya. Anatafuta springi ya lori. Springi nyingi hupata ugumu wake kwa kaboni, silikoni na manganizi, vitu visivyo adimu. Kwa hivyo nikisikia wahandisi wakisifiwa kwa chuma cha pua chenye nguvu bila madini adimu, naelewa sifa. Shida yangu ni yule aliyekuwa akiyachimba.

Mwaka 1978 waasi waliingia Kolwezi, huko Zaire, nchi iliyoongoza duniani kwa kobalti. Bei ikaruka. Kuna chuma cha pua cha roketi na ndege ambacho kilikuwa na nikeli asilimia 18 hivi na kobalti asilimia 8 hadi 12. Baada ya miaka michache tu ikatoka aina isiyo na kobalti kabisa. Titani ikabeba mzigo. Kilichowasukuma, nionavyo, ni hofu ya kukosa mali. Waliokufa Kolwezi hawakuwa kwenye hesabu.

Siku hizi tunasema: kobalti ina damu, tuiache. Sawa, lakini mchimbaji wa Kolwezi, anayeongea Kiswahili kama sisi (tena chake kitamu), hapati shimo salama eti kwa sababu mteja ameondoka. Anabaki na shimo lile lile, bila mnunuzi. Mimi naona kuacha kununua si kulipa deni. Na fomula ikibadilishwa maabara, nani anatumwa Kolwezi kumwambia?