Stara ya Mpangaji

Nyumba ni stara. Humsitiri mtu na mvua, na jua, na macho ya watu. Asiye na stara hana utulivu wa mwili wala wa moyo. Kwa hiyo serikali nyingi zimetunga sheria za kuzuia nyumba mbovu zisikaliwe. Nia hiyo ni njema. Lakini wahenga walisema, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Tukiingia ndani ya sheria hizo twakuta swali: nyumba ikihukumiwa kuwa mbovu, nani huadhibiwa?

Mjini Johannesburg, Afrika Kusini, maskini zaidi ya 400 waliishi katika majumba mawili makuukuu. Wakuu wa jiji waliwaamuru watoke, kwa kuwa majumba yalikuwa hatari. Sheria ya mwaka 1977 ilimhesabu mkaidi wa amri kama hiyo kuwa mhalifu. Mwaka 2008 Mahakama ya Katiba iliamua kwamba jiji lilipasa kwanza kushauriana nao kwa dhati, na kwamba mtu asiadhibiwe kwa kubaki nyumbani mwake ila mahakama iwe imeamuru ahame.

Yuko atakayesema kwamba kushauriana ni kuchelewa, na ukuta unaoanguka haungoji shauri. Hoja hii ina uzito. Aprili 2016, mtaani Huruma, Nairobi, jumba la ghorofa liliporomoka usiku wakati wa mvua kubwa, likaua watu zaidi ya 40. Nalo lilikuwa limekwisha kutiwa alama ya kubomolewa. Wapangaji walikuwa wangali ndani. Je, waliyapenda mauti? Hasha! Mtu hapendi nyumba mbovu. Hupenda kodi anayoiweza. Husemwa kwamba mpangaji aliridhika mwenyewe. Lakini kuchagua hutaka vitu viwili, na mhitaji aghalabu ana kimoja tu. Ridhaa yake si ridhaa timamu, wala haimwondolei mwenye nyumba dhambi ya kula kodi ya ukuta uliooza.

Kifungu cha 43 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 humpa kila mtu haki ya makazi ya kufaa, yaliyo ndani ya uwezo wake kuyapata. Alama ya rangi ukutani humwarifu mpangaji kwamba yu hatarini. Haimwonyeshi pa kwenda. Serikali inayokoma kwenye alama imejitoa lawamani, haijamtoa mtu hatarini.

Basi ubora wa nyumba na haki ya mpangaji si mambo mawili ya kupimwa moja dhidi ya jingine. Sheria ya ubora peke yake humtupa maskini njiani. Sheria ya kumlinda asihamishwe, peke yake, humwacha chini ya dari linaloanguka. Amwambiaye mwenziwe "Toka!" ana deni la kumwambia pa kulala usiku huo.