Ndiyo Moja, Maana Tatu

Kisa hiki nimekitunga, ila mitego yake ni ya kweli.

Kijana mmoja wa Mbarara, fundi wa takwimu, alitumwa Nakivale, makazi ya wakimbizi huko Uganda, kupima maoni yao kuhusu adhabu ya kifo. Alifika Juru, moja ya kanda zake, na tableti yenye swali moja: muuaji anyongwe, ndiyo au hapana? Akamkuta mama aliyekimbia kutoka Beni, Kongo, akichagua maharage uani. Majirani wakasogea kusikiliza, maana mgeni mwenye tableti huenda ameleta habari za mgao.

"Karibu, mwanangu. Jibu langu linapelekwa kwa wanaotusimamia, Ofisi ya Waziri Mkuu?"

"Hapana, mama."

Mama akamtupia jicho jirani yake, mjane ambaye mumewe alikatwa mapanga. "Basi andika ndiyo."

Kijana akabonyeza, akahamia nyumba ya pili. Angekaa kidogo angesikia habari ya Oktoba 2020, wafungwa zaidi ya 1,300 walipotoroka gereza la Kangbayi, hukohuko Beni. Alichotaka mama ni ukuta usiobomoka. Kitanzi alikikubali kwa kuwa ndicho pekee alichoulizwa. Tena, nani angesema hapana mjane akiwa amekaa palepale?

Nyumba ya pili alikaa Mnyarwanda. Kwao adhabu hiyo ilifutwa 2007, naye alidhani anaulizwa kama irudishwe. Ya tatu, mzee aliyekaa Uganda miaka mingi alijibu akiamini kwamba kifungo cha maisha ni miaka 20 tu, kama kilivyohesabiwa magerezani zamani. Hakujua kuwa mwaka 2011, katika kesi ya Tigo, Mahakama ya Juu ilisema maisha ni hadi mfungwa afe. Wote watatu wakaingia safu moja ya "ndiyo".

Wakubwa wa kazi hii wameuona mtego huo. Mwaka 2019 kampuni ya Gallup iliwauliza Wamarekani kama wanaunga mkono muuaji auawe: asilimia 56 wakakubali. Walipopewa nafasi ya kuchagua kati ya kifo na kifungo cha maisha bila msamaha, asilimia 60 walichagua kifungo. Mwaka ni huohuo, nchi ni ileile. Kilichobadilika ni swali. Sioni haya kusema kwamba dodoso lisilotaja adhabu mbadala halifai hata kufungia karanga.

Mbarara, msimamizi aliisoma ripoti mara mbili. "Uliwapa la kuchagua?"

"Hapana, bosi. Fomu haikuwa nalo."

"Na uliwahoji faraghani?"

Kijana akatazama viatu vyake. Kurudi Nakivale isingewezekana: pesa ya mafuta ilikwisha, na mkutano wa kutangaza matokeo ulikuwa kesho yake. Bango lilishachapwa kwa herufi kubwa: WAKIMBIZI WATAKA WAUAJI WANYONGWE. Likatundikwa hivyohivyo. Mheshimiwa mmoja aliyealikwa akalipiga picha, akasema hiyo ndiyo sauti ya wananchi aliyokuwa akiitafuta.