Mkono Unaosimamisha Nyundo

Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe tarehe 19 Juni 2025, wengi wetu tukivuka Ghuba ya Mwanza hutoa simu na kupiga picha minara na nyaya zake. Tuna haki ya kufurahi. Ni kilomita 3 za barabara juu ya maji, mahali tulipozoea kungoja kivuko. Lakini sijaona mtu akipiga picha ya kilicho chini. Kwenye magati yetu mambo ni hayohayo. Mama anayeshuka melini kutoka Ukerewe ana gunia la dagaa la kuwahisha Mwaloni, Kirumba, na mtoto wa kumshika mkono asiponyoke. Anakanyaga gati wala haulizi limebebwa na nini. Na asiulize, kwa sababu yuko mtu aliyekwisha kuuliza kwa niaba yake.

Mtu huyo ni msimamizi wa gengi la kupigilia nguzo. Ziwa Victoria halimpi likizo. Kati ya mwaka 1961 na 1964 maji yalipanda kwa zaidi ya mita 2. Miaka ya 2005 na 2006 yakashuka, ufuko ukasogea mbali na watu. Mwezi Mei 2020 yakarudi juu hadi kiwango cha 1964, yakaingia majumbani na kufunika sehemu za kushukia. Ndugu zetu wa pwani wanahangaika na wadudu wa baharini wanaotoboa mbao. Sisi wa maji baridi Mungu ametuepusha nao. Hata hivyo, nguzo ya mbao inayokaa ndani ya maji muda wote hudumu miaka mingi, na ileile huoza pale uso wa maji unapopanda na kushuka, leo pabichi, kesho pakavu. Chuma nacho, kutu hukilia hapohapo. Ndiyo maana tishari na kreni yake hurudi, na nguzo mpya hushushwa kando ya ile iliyochoka.

Nimewahi kuketi na msimamizi mmoja wa kazi hii, mzee aliyezeekea majini, na nilimwomba anieleze taratibu kama mtu anayemfundisha mtoto. Alianza na kichwa cha nguzo. Nguzo haigongwi kichwani hivihivi. Huvalishwa kofia nzito ya chuma, na kwenye kofia hiyo hukaa mto wa mbao ngumu unaopokea pigo la nyundo kabla halijaifikia nguzo. Mto huo huungua na kusagika kwa kazi, kisha hubadilishwa. Ukiuacha uishe, kichwa kinapasuka. Halafu huja timazi. Mmoja anapima kutoka mbele na mwingine kutoka ubavuni, maana nguzo inaweza kuonekana imenyooka kwako huku inalala upande usiouona. Ikianza kulala hurekebishwa mapema, ingali juu. Ikishazama sana, ukiilazimisha kunyooka unaivunja.

Kisha akanionyesha daftari. Lilikuwa ndani ya mfuko wa nailoni, na penseli imefungwa kwa uzi. Nguzo huchorwa alama za rangi tangu chini hadi juu, na mapigo ya nyundo huhesabiwa kutoka alama moja hadi nyingine. Mwanzoni, kwenye tope laini, pigo moja huishusha nguzo kwa upana wa kiganja. Inavyokwenda ndivyo inavyogoma, mpaka mapigo mengi yanaishusha kwa unene wa kidole tu. Hapo vijana wageni wa kazi hupandwa na hamasa. Nyundo bado ina nguvu, mafuta bado yapo, kwa nini tusiongeze?

“Mchungaji,” mzee aliniambia, “nyundo anayo opereta. Mimi kazi yangu ni kusema inatosha.”

Maana nguzo iliyokataa ukiendelea kuigonga haiendi chini tena, inaumia. Mara nyingine inapasukia huko chini topeni, mahali ambapo hata mzamiaji hafiki. Juu inaonekana nzima, inapakwa rangi, na mzigo unawekwa.

Ndugu yangu, nimelibeba neno la mzee huyo wiki nzima nikiwaza nyumba zetu. Wengi wetu tumepewa watu wa kuwasimamia. Mzazi ana watoto, mwalimu ana darasa, fundi ana vijana wa kazi, mke na mume wamepeana mioyo. Na ni kweli kwamba kumpenda mtu kunahusisha pia kumwonya. Lakini onyo la Januari bado linatajwa Agosti. Kijana alipoteza fedha za ada, akakiri, akalia, akaomba msamaha mbele ya baba zake wadogo. Na bado kila akichelewa kurudi nyumbani, ada ile inarudi mezani pamoja na ugali. Je, kuna mtu ambaye umeendelea kumgonga hata baada ya kufika pale alipotakiwa kufika?

Mtume Paulo alikutana na jambo hili Korintho. Katika barua yake ya pili kwa kanisa lile, sura ya 2, anamzungumzia mtu aliyekosa na kuadhibiwa na wenzake. Hataji kosa lenyewe, na mimi huliona hilo kuwa tendo la upendo tayari. Anawaambia kwamba adhabu aliyopewa na walio wengi imemtosha, na kwamba sasa wamsamehe na kumfariji, asije akamezwa na huzuni iliyopita kiasi. Anawasihi wamhakikishie tena kwamba wanampenda. Tazama Paulo anahofia nini hapo. Hahofii kwamba mtu yule ataonewa huruma mno na kurudia kosa. Anahofia kwamba atavunjika. Kwa Wakolosai pia aliwaza hivyohivyo juu ya akina baba, wasiwachokoze watoto wao hadi wakakata tamaa.

Tunahesabu, mpendwa, lakini tunahesabu kwa nini? Petro alitaka hesabu ya kusamehe ili ajue msamaha unaishia wapi, na Bwana akampa hesabu asiyoweza kuishika kichwani. Daftari la yule mzee lilikuwa na safu ndefu za tarakimu, na zote ziliandikwa kwa ajili ya kujua pa kuacha.

Liko jambo jingine alilonieleza, nami nalipenda kuliko yote. Nguzo ikishapigiliwa kwenye udongo wa mfinyanzi haibebeshwi mzigo siku hiyohiyo. Inaachwa. Kishindo cha nyundo kimeuvuruga udongo unaoizunguka, na maji yaliyomo ndani ya udongo yamebanwa, kwa hiyo siku ile mshiko bado ni dhaifu. Siku zinapopita, maji yale hutoka taratibu, udongo hutulia na kuikumbatia nguzo. Wakirudi kuijaribu kwa mapigo machache wanaikuta imeshika kuliko walivyoiacha. Nguvu hiyo hupatikana nyundo ikiwa imenyamaza.

Sisi hatupendi kungoja hivyo. Tukimwonya mtu asubuhi tunataka jioni awe amebadilika, na asipobadilika tunadhani hatukusema kwa ukali wa kutosha. Lakini aliyeonywa naye amevurugika ndani. Anahitaji siku za kukaa na neno ulilomwambia, akilirudia kitandani, akiona aibu, akiomba. Kazi hiyo Roho wa Mungu huifanya pasipo sauti yetu. Mke aliyeomba radhi Jumatatu, je, unaweza kumpa wiki bila kumkumbusha? Mfanyakazi aliyeharibu mzigo na kukubali kukatwa mshahara, je, unaweza kumpa kazi kesho bila maneno ya kando mbele ya wenzake?

Najua utaniuliza: kwa hiyo tuyaache makosa yapite? Hapana. Nguzo isiyopigiliwa haibebi mtu, na upendo usiothubutu kusema kweli humwacha mpendwa akielea. Yule mzee hakuwa mlegevu hata kidogo. Aliwahi kuamuru nguzo ing'olewe na kuanzwa upya kwa sababu ilikuwa imelala. Ila aliitazama kwanza pande mbili. Na kila asubuhi alikagua mto wa mbao kabla ya pigo la kwanza. Ninapomwona mzazi akimvuta mtoto pembeni badala ya kumsema mbele ya wageni, akianza kwa kumwita jina lake kwa upole, nautambua mto ule.

Na wengine mnaosoma hapa hamna mtu mnayemgonga ila nafsi zenu. Kosa ulilitubu zamani. Aliyekosewa alikwisha kusamehe, pengine amekwisha kusahau. Wewe bado usiku unashika nyundo. Ndugu yangu, Zaburi ya 103 inasema kwamba Mungu hatateta siku zote, wala hatashika hasira milele, kwa kuwa anatujua tulivyoumbwa na anakumbuka kwamba sisi ni mavumbi. Ikiwa Yeye mwenye haki amesema inatosha, wewe unaendelea kwa amri ya nani?

Wiki hii mkumbuke mtu mmoja. Labda ni mwanao aliye Geita au Musoma, ambaye kila ukimpigia simu mazungumzo huishia kwenye jambo lile. Mpigie leo jioni. Jambo lile usiliguse. Muulize kama amekula, muulize habari za kazi, msalimie mkewe, na kabla hujakata simu mwambie kwamba unampenda, hata kama katika nyumba yenu maneno hayo hayajazoeleka.