KUNAKILI KAZI YA MTU BILA IDHINI NI KULA JASHO LAKE

Bismillahi Rahmani Rahim

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na sahaba zake. Amma baad.

Ndugu Waislamu, ninawausia pamoja na nafsi yangu kumcha Mwenyezi Mungu. Leo tukumbushane juu ya mali ambayo wengi wetu hatuihesabu kuwa mali.

Hapa Lubumbashi, sokoni na kandokando ya barabara, watu wanajaziwa nyimbo, filamu, kaswida na mawaidha katika simu zao kwa franka chache. Wengine wanatoa fotokopi ya kitabu kizima na kuiuza. Mwenye mashine anapata, mwuzaji anapata, mnunuzi anafurahi. Aliyetunga hapati kitu.

Mwenyezi Mungu ametukataza kula mali zetu baina yetu kwa batili (Suratul-Baqara, aya 188). Nabii Shuaybu (a.s.) aliwaonya watu wa Madyan wasiwapunguzie watu haki zao. Na Mtume (s.a.w.) ameamrisha mfanyakazi apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Je, aliyekesha akiandika kitabu si mfanyakazi?

Mwaka 1988 wanazuoni wa Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu walikutana Kuwait, wakaamua kwamba haki ya mtungaji inalindwa na sharia na haifai kuivunja. Sheria ya nchi yetu ya tarehe 5 Aprili 1986 nayo inailinda, hata miaka 50 baada ya mtungaji kufa.

Na hapo ndipo pa kuogopa zaidi. Mpiga gitaa wetu wa Katanga, Mwenda Jean Bosco, alirekodiwa Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, mwaka 1952. Alifariki mwaka 1990, lakini gitaa lake linasikika mpaka leo. Mtungaji akifa, haki yake inaingia katika mirathi. Awe Mwislamu au asiwe, anayeuza kazi ya marehemu bila idhini anagusa fungu la mjane na yatima. Adhabu ya mwenye kula mali ya yatima mnaijua (Suratun-Nisaa, aya 10).

Wako wanaosema: "Elimu ya dini haiuzwi." Ni kweli, uliyoyasoma wafundishe watu bure, utapata thawabu. Lakini kitabu kina gharama, na aliyekitoa ana watoto. Wengine wanasema: "Muziki si jambo jema, mwenyewe hana haki." Kama si jambo jema, mbona wewe unauuza?

Basi tufanye hivi. Asiye na uwezo amwombe mwenyewe ruhusa. Madrasa ichange, inunue vitabu vichache, wanafunzi wapokezane. Msoma kaswida akialikwa kwenye maulidi, tupatane naye ujira mapema, tusimrudishe nyumbani na dua peke yake. Na mwenye kazi ya kunakili awatafute watungaji, wakubaliane fungu lao.

Ee Mwenyezi Mungu, turuzuku chumo la halali, utuepushe na haki za watu shingoni mwetu Siku ya Kiyama. Amin.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.