Chakula cha Mlangoni na Deni la Utu

Mwaka 1962, alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, Mwalimu Nyerere alieleza kuwa utamaduni ndio kiini na roho ya taifa. Wengi wetu tuliofundishwa neno hilo shuleni tulifikiria ngoma, ngonjera na mavazi. Lakini roho ya taifa hukaa pia katika sahani: namna watu wanavyokipata chakula, wanavyokipokea, na wanavyomtazama aliyekileta.

Mimi nilizaliwa Izigo, wilayani Muleba, ambako nyumba husimama katikati ya migomba. Jirani alipotuletea ndizi zilizopikwa pamoja na maharage, zimefunikwa kwa jani la mgomba, hakuachwa mlangoni. Alikaribishwa ndani, akaulizwa habari za kwao, akapewa kahawa ya kutafuna. Wala chombo chake hakikurudi kitupu. Mama alitia chochote kilichokuwapo, hata kama ni parachichi moja. Deni lilionekana, na likalipwa mbele ya macho ya wote.

Hivi karibuni nilikuwa mgeni wa mwanangu huko Dar es Salaam. Jioni moja ya mvua kubwa aliniambia, "Baba, usihangaike, chakula kinakuja." Akaigusa simu yake mara tatu. Baadaye kijana wa bodaboda akabisha hodi, maji yakimtiririka toka kofia hadi viatu. Mlango ulifunguliwa kidogo, mfuko ukapokelewa, mlango ukafungwa. Mwanangu si mtu mbaya. Alikuwa amekwisha kulipa kwa simu. Nilikula, lakini swali lilinikaa kooni: je, ni kweli tulikuwa tumekwisha kulipa?

Tupige hesabu. Kampuni yenye programu hiyo ya simu humkata mpishi kamisheni, ambayo kwingi duniani hufikia hata asilimia 30. Basi katika chakula cha shilingi 10,000, mpishi aweza kubakiwa na 7,000, na humo atoe mchele, mkaa na ujira wa wasaidizi wake. Atafanya nini? Ama atapandisha bei, na hapo hata mteja ajaye kwa miguu atalipia wepesi asioutumia. Ama atapunguza kitoweo. Naye kijana wa bodaboda hulipwa kwa safari. Petroli ni yake, tairi ni lake, saa za kungoja ni zake, na akianguka njiani, mguu uvunjikao ni wake.

Wala wepesi huo hauna nguzo imara. Mwishoni mwa Desemba 2023, Jumia ilifunga huduma yake ya chakula katika nchi saba, zikiwamo Kenya na Uganda, ikieleza kwamba biashara hiyo haikufaa mazingira ya masoko yake. Wapishi na wasafirishaji walioitegemea ikawabidi watafute njia nyingine.

Wapo watakaosema kwamba mgonjwa, muuguzi wa zamu ya usiku na mama mwenye mtoto mchanga wananufaika, na kwamba kijana yule amepata riziki. Hoja hizi ni za haki, nami sizipingi. Tena nisiipambe jana kupita kiasi. Huko Izigo sisi wanaume tulikaa tukingoja ndizi ziive, hali mama alikuwa ameamka kabla ya mapambazuko na dada zetu wamepanda mlima na ndoo za maji. Nasi hatukuuliza ni nani aliyelipa. Wepesi wa mtu mmoja, tangu zamani, umekuwa uzito wa mwingine. Simu haikuanzisha jambo hilo. Imemweka tu mbeba mzigo mbali zaidi na macho yetu.

Jioni iliyofuata nilifungua mlango mwenyewe, nikamkaribisha kijana mwingine chai. Akatabasamu, akasema, "Shikamoo mzee, nashukuru sana, lakini muda unanihesabu." Hapo nikatambua kuwa ukarimu wangu peke yangu hautoshi, kwa maana hata nafasi ya kuupokea amenyang'anywa. Adabu ya mlangoni yahitaji kuungwa mkono na sheria. Jiji la New York, mwaka 2021, liliweka kikomo cha asilimia 15 katika ada ya kupelekea wateja chakula ambayo mikahawa hutozwa. Sisi nasi tunaweza kutafakari kikomo kitufaacho, na bima ya yule aendeshaye pikipiki mvuani.

Wahenga walisema, kula uhondo kwataka matendo. Ndugu msomaji, kosa halimo katika kuagiza. Limo katika kula bila kuuliza. Mwenye miguu na nafasi aende kwa mama lishe, amsalimu, anunue mkononi mwake. Asiyeweza, aagize, lakini aufungue mlango wote. Nawe mwalimu, waulize wanafunzi wako swali hili moja: chakula ulichokula leo, ni nani mwingine aliyekilipia?