Deni Lisilodaiwa

Mtu akikupa ushauri bure leo, na kesho ukanunua kwa mwingine kwa sababu bei yake ni nafuu, je, umemkosea? Sheria itasema hapana, kwani hukutia saini popote wala hukuahidi neno. Hata hivyo swali hili limenisumbua tangu mwaka jana, na kilichonisukuma kulifikiria si kitabu cha falsafa bali ni tangi la kioo la kaka yangu.

Kaka anaishi Columbus, katika jimbo la Ohio nchini Marekani, mji ulio mbali na bahari kama ulivyo Kampala ninakosoma. Sebuleni kwake anafuga matumbawe. Wengi wetu tuliokulia bara hudhani matumbawe ni mawe. Sivyo. Tumbawe ni kundi la wanyama wadogo wanaoishi pamoja, na ndani ya miili yao mna mwani mdogo sana unaotumia mwanga kutengeneza chakula na kuwagawia wenyeji wake. Kwa hiyo mfugaji hulazimika kuwaundia bahari: maji yaliyochujwa na kutiwa chumvi kiasi cha gramu 35 kwa lita, joto la nyuzi 25 au 26, taa kali, na pampu za kuyasukuma maji. Kimoja kikiharibika, vyote viko hatarini.

Kaka hakuzaliwa akijua hayo. Aliyemfundisha ni mwenye duka dogo la samaki la mtaani kwao. Kwa miezi kadhaa Kaka alimpelekea maji kwenye chupa, naye akayapima bila malipo na kumwambia: chumvi imezidi, kalsiamu imepungua, usiongeze samaki kabla ya wiki mbili. Ushauri huo wa mwisho ulimnyima mwenye duka mauzo ya siku ile. Kaka alishukuru, akarudi nyumbani, akafungua simu, akaagiza taa na pampu kwenye intaneti kwa bei nafuu.

Hata matumbawe yenyewe hakuyanunua dukani. Wafugaji wa huko wana desturi ya kugawiana. Tumbawe likikua, hukatwa kwa koleo, kipande kikabandikwa kwa gundi juu ya kijiwe, na baada ya wiki chache jeraha hupona na kipande huanza kukua chenyewe. Mtu humpa mwenzake kipande kama mama yangu anavyompa jirani chipukizi la mgomba. Kutoa huko ni akiba pia: lako likifa, unakwenda kwa uliyempa kuomba kipande cha lile lile.

Nilipomwuliza kama haoni amemdhulumu mwenye duka, alicheka. "Mdogo wangu, duka ni biashara, si kanisa. Akitaka kulipwa kwa ushauri, aandike bei ukutani."

Hoja hiyo ina nguvu, nami sitaki kuipuuza. Nakubali kwamba kugawiana si kosa. Anayetoa kipande hamwibii mtu, kwa kuwa kimekua kwa jasho lake. Tena biashara ya kimataifa ya matumbawe magumu inasimamiwa na Mkataba wa CITES, kwa sababu bila mipaka ingeweza kuyahatarisha. Kipande kinachotoka tangini huweza kuupunguzia mwamba wa baharini mzigo. Sharti lake ni ukweli. Wapo minyoo bapa wanaokula matumbawe, ambao huhamia tangi jipya pamoja na kipande. Sisi wa Uganda tunalijua jambo hili: mnyauko wa migomba ulioripotiwa nchini mwaka 2001 husambaa pia kwa machipukizi na visu. Anayejua shamba lake linaugua akampa jirani chipukizi na kunyamaza hajatoa zawadi. Nakubali pia kwamba hakuna anayelazimika kununua kwa bei asiyoimudu.

Lakini kuna jambo moja ambalo Kaka analiruka. Anasema mwenye duka aandike bei ukutani. Tuseme ameiandika. Atakayefukuzwa kwanza na bei ile si Kaka mwenye mshahara, bali mtoto anayekuja na samaki mgonjwa ndani ya mfuko wa plastiki na sarafu mbili mkononi. Ushauri wa bure dukani umesimama juu ya imani kwamba wengi wa wanaoulizwa na kujibiwa watanunua kitu hapo, angalau chumvi. Anayeuliza huku ameshaamua kununua kwingine anaitumia imani hiyo bila kuichangia. Wakiwa wengi, imani itakwisha, na hasara itamwangukia aliye mnyonge zaidi. Kwa hiyo kosa haliko katika kununua kwingine. Liko katika kumwacha mtu aendelee kuamini jambo ambalo wewe unajua si kweli.

Duka lile lilifungwa. Sisemi lilifungwa kwa sababu ya Kaka. Pengine kodi ilipanda, pengine mwenyewe alichoka. Majira ya baridi yaliyofuata umeme ulikatika usiku kucha, maji ya tangi yakapoa, na matumbawe mengi yakafa yakabaki meupe kama mifupa. Baada ya wiki moja wenzake walimrudishia vipande vya matumbawe aliyowahi kuwapa. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Ugawianaji ulifanya kazi yake. Lakini usiku ule wenyewe alihitaji pampu ya betri na maji ya chumvi yenye joto, na mtu wa kumpigia simu. Intaneti iliahidi kumletea pampu baada ya siku mbili.

Nilikuwa tayari kumhukumu mpaka nilipojikumbuka. Hapa Kampala yuko mzee mmoja muuza vitabu ambaye alikuwa akituletea vitabu vya Kiswahili kutoka Nairobi, tukiagiza. Tulimwuliza sarufi ipi ni bora, akatufafanulia, akatufungulia kurasa. Kisha tulichanga tukanunua nakala moja, tukaitoa fotokopi kwa darasa zima. Aliyeipeleka kwenye mashine ni mimi. "Mzee, tutarudi," nilimwambia, nami nilijua haturudi. Siku hizi haleti tena.

Kosa langu ni kubwa kuliko la Kaka. Yeye na wenzake waligawiana kitu walichokikuza wenyewe. Mimi niligawa kazi ya mwandishi na nauli ya mzee. Na umaskini wetu, ambao ni wa kweli, unaeleza kwa nini sikununua. Hauelezi kwa nini nilisema tutarudi.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Tukipokea maarifa ya mtu ambaye riziki yake inayategemea, tunabaki na deni hata kama hatatudai. Mwenye uwezo alipe kwa kununua, hata kidogo. Asiye na uwezo aseme mapema kwamba hana, ili mwenzake achague mwenyewe kama atatoa. Hilo la pili halihitaji shilingi hata moja.

Kabla ya kuandika insha hii nilikwenda kwa yule mzee nikamweleza yote. Alinisikiliza huku akipangusa vumbi kwenye vitabu vyake. Kisha akasema, "Mwanangu, mngeniambia tu hamna pesa, ningewaazima."

Nilikosa la kujibu. Nilimwachia nusu ya bei ya kamusi, naye akaandika jina langu katika daftari lake.