Akiambiwa Simama, Asimame

Jean Améry, mwandishi mzaliwa wa Austria, alikamatwa na Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, nchini Ubelgiji mwaka 1943, akateswa katika ngome ya Breendonk, kisha akapelekwa kambi ya Auschwitz. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1966 alirudi kwenye pigo la kwanza kabisa alilopigwa. Hakulitaja ili aeleze maumivu. Alitaka tuone kinachoondoka pamoja nalo: ile imani inayombeba mtu kila siku bila yeye kujua kwamba anabebwa, kwamba wenzake wataiheshimu ngozi yake, na kwamba akiumizwa atatokea wa kumsaidia. Imani hiyo ikishavunjika, aliona Améry, mtu hawi tena mwenyeji duniani.

Améry alikuwa na miaka thelathini. Alikuwa na imani ya kupoteza. Kinachonikosesha utulivu mimi ni mtoto wa miaka mitano au saba, aliyefikiwa na mkono mbaya kabla imani hiyo haijakomaa, na mara nyingi ni mkono wa mtu yuleyule aliyetakiwa kumfundisha kuamini. Watoto hao si wachache. Utafiti wa kitaifa uliofanyika Tanzania mwaka 2009 uliwauliza vijana wa miaka 13 hadi 24 kuhusu utoto wao. Karibu wasichana watatu kati ya kumi, na mvulana mmoja kati ya saba, walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufikisha miaka 18. Waliopitia ukatili wa kimwili walikaribia robo tatu. Wengi wa vijana wale leo ni wazazi.

Akienda kutafuta msaada, mtu aliyeumizwa hivyo utotoni huambiwa ajifunze kuheshimu mipaka ya mwili wake. Ushauri huo ni mwema, lakini umebeba dhana ambayo nadhani haijachunguzwa vya kutosha: kwamba mpaka tayari upo, na kazi iliyobaki ni kuulinda. Dhana hiyo ina ukoo mrefu. Mwaka 1689 mwanafalsafa John Locke aliandika kwamba kila mtu ana umiliki juu ya nafsi yake, na tangu hapo tumezoea kuuzungumzia mwili kama mali yenye mwenyewe. Kwa mtu mzima mbele ya dola inayotaka kumfunga bila kosa, wazo hilo ni ngao nzuri. Kwa mtoto halitoshi. Mali ikiibwa, mwenye mali hubaki mzima akiililia. Mtoto aliyeumizwa mwilini hana mahali pa kusimama kando ya mwili huo akaulilia.

Tena mtoto hazaliwi akiujua mpaka wake. Mtazame anayelishwa uji. Ameshiba, anageuza shingo, anafumba mdomo, anausukuma mkono. Hana neno hata moja, lakini ameshasema. Mama anashusha kijiko, anamwangalia, anangoja. Katika kungoja huko mtoto anapata habari kubwa kuliko uji wenyewe: kwamba akikataa, dunia inamsikia. Simlaumu mama ambaye kadi ya kliniki inaonyesha uzito umeshuka na ambaye kwa hofu anamshikilia mtoto anywe. Kijiko kimoja cha nguvu hakimharibu mtu. Ninachosema ni kwamba hakuna mtoto anayeujua mpaka wake kwa kuutafuta peke yake ndani ya ngozi yake. Anaujua kwa sababu kuna mtu alifika pale akasimama.

Ikiwa ni hivyo, basi mtoto ambaye hakuna aliyesimama mbele yake hakuporwa uzio uliokuwapo. Alinyimwa nafasi ya kujua kwamba uzio unaweza kuwapo. Kukataa kwake hakukufa, ila kwa kukosa wa kukusikia kulihamia kwingine. Katikati ya miaka ya 1980, huko San Diego, daktari Vincent Felitti alikuwa akiendesha kliniki ya kupunguza uzito, akashangaa kuona waliokuwa wakifanikiwa ndio wanaoacha matibabu. Alipoanza kuwauliza habari za maisha yao, wengi wakamweleza kwamba walinajisiwa utotoni, na baadhi wakaeleza kwamba unene uliwafanya wasitazamwe. Kile alichokiita ugonjwa, kwao kilikuwa kinga. Kutoka hapo ukazaliwa utafiti alioufanya pamoja na Robert Anda, ambao matokeo yake ya kwanza yalichapishwa mwaka 1998. Ulionyesha kwamba kadiri mtu alivyopitia aina nyingi za madhila utotoni, ndivyo hatari ya ulevi, sonona na magonjwa ya moyo ilivyoongezeka ukubwani.

Wengine hukataa kwa kuganda. Mwili usioweza kupigana wala kukimbia hukakamaa, sauti ikakauka, na akili ikaenda kukaa mbali, kwenye ufa wa dari au sauti ya redio ya jirani. Miaka ikipita, familia inauliza, na wakati mwingine hata mahakama: mbona hukupiga kelele? Ni swali la kikatili, kwa sababu linauhesabu ukimya kuwa ridhaa. Na aliyeganda akiwa mdogo hujiuliza swali hilohilo mwenyewe kwa miongo kadhaa, hadi akaichukia miguu yake kwa kutokimbia.

Ndiyo maana siamini kwamba kupona huanza kwa kusimulia. Judith Herman, daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, katika kitabu chake cha mwaka 1992 aliweka usalama mbele ya kukumbuka na kuomboleza, na nadhani alipanga sawasawa. Chukua mfano huu: mwanamke amelala kwenye kitanda cha kliniki kwa kipimo cha saratani ya mlango wa kizazi, kile cha kupaka siki na kuangalia. Ni cha dakika chache, lakini amekiahirisha kwa miaka. Magoti yamebanana, macho yako juu. Muuguzi mwenye haraka atamwambia, "Legeza mama, si umeshazaa wewe?" Mwingine atavuta kiti akae, amwonyeshe kifaa, ampe akishike, kisha amwambie, "Dada, kila ninachofanya nitakwambia kwanza. Ukisema simama, nasimama." Wanaanza. Punde mwanamke anasema, "Simama." Muuguzi anatoa mikono, anamfunika kanga vizuri, anangoja. Huenda kipimo kisikamilike siku hiyo. Lakini mwanamke huyu amesema neno, na mkono wa mtu mwenye mamlaka juu yake umetii. Kitabu cha kliniki hakina safu ya kuandikia jambo hilo.

Améry alishikilia kwamba imani ile hairudi, nami sina haki ya kumbishia mtu aliyepita alikopita. Ila kwa mtoto aliyekua bila kuipata, neno kurudi halihusiki. Anaipata kwa mara ya kwanza, akiwa na miaka arobaini, kwa mikono ya mgeni. Inakuja kidogokidogo: anajua kuwa amechoka kabla hajaanguka, anajua kuwa hataki kabla hajakubali. Na hapo kukubali kwake kunapata uzito, maana anayeogopa kukataa hajawahi kukubali.

Najua pingamizi litakalokuja. Kwetu mtoto ni wa jamii, mtu ni watu, na habari hizi za mipaka ni ubinafsi wa wageni. Nimelipima pingamizi hili kwa muda mrefu kwa sababu nalipenda wazo lililo ndani yake. Lakini utu unadai kwamba yule mwingine ni mtu. Jamii inayomkumbatia mtoto bila kumwona inakumbatia nini? Kanuni za elimu za Tanzania Bara zinaruhusu viboko shuleni, na zinataja vichapwe wapi, mkononi au kwenye makalio. Kenya iliondoa adhabu hiyo shuleni mwaka 2001, na Katiba yake ya 2010 inamlinda kila mtu, mtoto akiwamo, dhidi ya adhabu ya viboko. Sidhani Wakenya walipungukiwa na ujamaa kwa kuandika hivyo. Mtoto anayefundishwa kwamba mwalimu ana haki na mwili wake atawezaje, jioni ileile, kumkatalia jirani?

Linabaki suala la msamaha, ambalo familia hulileta mapema mno. Aliyeumizwa hutakiwa, kwenye arusi au msiba, ampe mkono mjomba fulani, kwa kuwa yamepita na mzee ameshazeeka. Hapa mambo mawili huchanganywa. Kusamehe ni kuachilia deni, na mtu anaweza kuliachilia kwa moyo mweupe, akamwombea mzee afya, asimtakie baya lolote. Kugusana ni jambo jingine, nalo halidaiwi na yeyote. Anayesema, "Nimemsamehe, lakini mkono simpi," hajapungukiwa na huruma wala adabu. Mama zake wadogo wakianza kumshinikiza pale ukumbini, wanaopaswa kuambiwa wasimame ni wao.